Kisomo gerezani: namna ya kuanzisha darasa lisilovunjika

Mfungwa anaweza kuhamishwa kutoka Butimba kwenda Isanga leo, na mwalimu wake akajua kesho asubuhi anapoita majina. Mahabusu anaweza kupanda gari la mahakamani akiwa na daftari lake, kesi ikafutwa, na jioni akala kwake. Mwingine kifungo chake chote ni miezi sita. Darasa lililopangwa kama la shule, lenye mihula na mtihani wa mwisho wa mwaka, halina maisha mahali kama hapo. Linaanza na watu thelathini na kufa na wanne.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuanzisha au kufufua darasa la kusoma, kuandika na kuhesabu katika gereza la Tanzania Bara: afisa wa gereza, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mtu wa dini au kikundi cha kujitolea. Umejengwa juu ya mambo matatu. Somo liwe fupi linalojitosheleza, mwalimu awe mfungwa mwenyewe, na kumbukumbu za mwanafunzi zisafiri pamoja naye. Mengine yote yanafuata hapo.

1. Omba ruhusa kwa jambo dogo

Ruhusa ya mtu wa nje hutoka juu, kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, na barua yako hupitia ngazi za mkoa na gereza. Usianze kwa kuzoeana na askari wa getini ukidhani hiyo ni njia ya mkato. Siku akibadilishiwa zamu, darasa limekwisha.

Usiombe kuendesha "mradi". Omba chumba kimoja au kivuli kimoja, saa moja na nusu, siku nne kwa wiki, watu kumi na watano. Mkuu wa Gereza anapoisoma barua yako anawaza usalama, uchache wa askari wake, na nani atalaumiwa mambo yakiharibika. Mjibu hayo kwanza: nani ataingia, na nini, saa ngapi, nani atahesabu penseli. Faida za elimu anazijua.

Ukitaka kuweka uzito, taja Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za chini za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015. Kanuni ya 104 inasema elimu ya wafungwa wasiojua kusoma na kuandika, pamoja na ya vijana, iwe ya lazima na ipewe uangalifu wa pekee. Ya 64 inataka kila gereza liwe na maktaba. Sentensi mbili zinatosha. Barua inayomfundisha Mkuu wa Gereza kazi yake hujibiwa kwa ukimya.

Halafu nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwako, au kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri. Taasisi hii ina sheria yake tangu mwaka 1975 na ndiyo yenye uzoefu wa kisomo. Nchi hii iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Kisomo si kitu kigeni kwetu. Njia zake zipo, ila zinahitaji kupunguzwa vipimo ili zipite kwenye geti la gereza.

2. Wajue wasiojua kusoma bila kuwaaibisha

Usiwapange uwanjani ukauliza nani hajui kusoma. Watanyosha mikono wachache, na baadhi yao wanatafuta kivuli tu. Mtu mzima aliyeishi miaka arobaini akificha jambo hilo hawezi kulitangaza mbele ya anaolala nao chumba kimoja.

Kaa na mtu mmoja mmoja, dakika tano. Uwe na kadi yenye mistari minne iliyoandikwa kwa herufi kubwa: silabi kadhaa, maneno mafupi, sentensi moja, halafu aya ya sentensi nne. Mpe penseli aandike jina lake na lolote jingine apendalo. Anza na kuandika, kwa sababu wengi wanaojua kuchora majina yao ili wasiweke dole gumba hawajui herufi hata moja iliyomo. Mwombe aandike jina la mama yake. Hapo utajua.

Wapo wanne utakaowakosea kwa urahisi.

Wa kwanza ni mwenye macho mabovu. Mtu aliyevuka miaka arobaini akisogeza kadi mbali na uso ili aione, shida yake huenda ni miwani. Miwani ya kusomea ya kawaida, ile ya +1.00 hadi +3.00 inayouzwa bila kutengenezwa maalumu, inaweza kumtoa mtu kwenye orodha yako siku hiyo hiyo. Zungumza na zahanati ya gereza kabla hujanunua vitabu.

Wa pili ni aliyekariri. Anafungua Biblia anakusomea zaburi nzima bila kukwama. Mwonyeshe kwa kidole mstari katikati ya ukurasa mwingine, asome.

Wa tatu ni aliyesoma madrasa. Hajui herufi za Kilatini, lakini anasoma Kurani vizuri, na pwani kuna wazee ambao Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Huyu anajua tayari kwamba alama inashika sauti, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote. Anahitaji kubadilishiwa alama na mwelekeo wa mstari tu. Usimweke na wanaoanza kabisa, atachoka.

Wa nne ni mgeni, hasa vijana wa Ethiopia wanaokamatwa wakipita kuelekea kusini. Wengi wao wamesoma, tena kwa alfabeti yao wenyewe. Wanachokosa ni Kiswahili, na hilo ni darasa jingine.

Baada ya hapo gawa makundi matatu: wasiojua herufi, wanaounganisha silabi kwa shida, na wanaosoma polepole bila kushika maana. Kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 iliwapima watu kwa hatua nne, hadi ya kusoma gazeti na kuandika barua. Kwa gereza, matatu yanatosha.

3. Tafuta saa ambayo haigombaniwi

Wafungwa hutoka kwenda kazini: shamba, ujenzi, usafi, karakana. Ukipanga darasa saa mbili asubuhi, unashindana na mnyapara, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, na msimamizi wa kazi, na utashindwa. Saa inayobaki ni ile kati ya kurudi kazini na kuhesabiwa kabla ya kufungiwa. Ni fupi na watu wamechoka, ndiyo maana somo ni dakika arobaini na tano. Usiku ndani ya vyumba mwanga ni hafifu na msongamano ni mkubwa. Darasa la usiku hupendeza kwenye ripoti tu.

Mahabusu ni habari nyingine. Hawalazimishwi kazi za wafungwa, kwa hiyo wana asubuhi nzima, na hawatakiwi kuchanganywa na waliokwishahukumiwa. Hili ni darasa la pili, la asubuhi, lenye mwalimu wake. Watu hulisahau kundi hili kwa sababu "wanapita tu". Wapo wanaopita kwa miaka.

Upande wa wanawake, idadi huwa ndogo na wengine wana watoto wachanga mgongoni. Darasa lao liwe lao, na askari wa kike, na usilifute kwa sababu wamefika watatu. Weka mkeka kwa ajili ya watoto. Wanawake walionyimwa shule wakiwa wadogo ni wengi humo, na mara nyingi ndio wanaokwenda kasi.

4. Walimu watoke ndani

Hapa ndipo nguvu yako nyingi iende. Mwalimu wa kutoka nje anakuja Jumanne na Alhamisi, mvua ikinyesha haji, gereza likifungwa kwa ukaguzi anarudishwa getini. Mfungwa anayejua kusoma yupo kila siku. Uingereza, shirika la Shannon Trust, lililoanzishwa mwaka 1997 na mkulima Christopher Morgan baada ya kuandikiana barua na mfungwa wa kifungo cha maisha, limejenga kazi yake juu ya jambo hilo hilo: anayejua humfundisha asiyejua, mmoja kwa mmoja, dakika ishirini kwa wakati. Kazi yako wewe wa nje ni kuwafundisha walimu, kuleta vifaa na kupima.

Nani awe mwalimu? Wengi humkimbilia mwenye elimu kubwa, yule aliyekuwa mhasibu au mwalimu wa sekondari. Mimi namwangalia kwanza mwandishi wa barua. Kila gereza lina watu wanaowaandikia wenzao barua na sababu za rufaa, na malipo yao ni sabuni, sukari au sigara. Darasa lako linakuja kuwaua kibiashara. Ukiwaacha nje watakuwa wa kwanza kunong'ona kwamba darasa ni mtego wa askari. Ukiwaita ndani, una watu wenye mwandiko mzuri, wenye subira ya kusikiliza mtu asiyejua aanzie wapi, na wanaojua hasa kila mmoja anataka kusoma nini.

Chagua pia wenye kifungo kirefu, ili usifundishe walimu wapya kila mwezi. Kwa kila darasa andaa walimu wawili na wa akiba mmoja.

Mnyapara usimpe darasa. Huenda ni mtu mwema kabisa, lakini aliyekuamrisha ufagie choo asubuhi hawezi kukuambia jioni kwamba kukosea si kitu. Kanuni ya 40 ya zile za Nelson Mandela nilizotaja inakataza mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu juu ya wenzake, na hapo hapo inaruhusu wafungwa kukabidhiwa shughuli za elimu chini ya usimamizi. Mwonyeshe Mkuu wa Gereza kanuni hiyo. Mwalimu wako asiwe na kazi ya kuripoti watu.

Mafunzo ya walimu ni ya wiki moja. Siku ya kwanza wafundishe kwa maandishi wasiyoyajua. Andika ubaoni mistari mitano ya alama ulizozibuni mwenyewe, waamuru wasome kwa sauti, kemea kidogo anayekwama. Baada ya robo saa watakuwa wamenuna, na hapo waulize mwanafunzi wao atajisikiaje. Siku zinazofuata wafundishane somo moja baada ya jingine, wakipokezana. Masharti yao yawe machache na yaandikwe: hakuna kupiga, hakuna neno mjinga, hakuna kumtuma mwanafunzi maji au kufua, hakuna kupokea kitu. Sharti la mwisho litavunjwa, kwa hiyo omba gereza liwape walimu kinachowezekana kihalali, kama vile cheti chenye mhuri na nafuu ya kazi nzito siku za kufundisha. Usiahidi kupunguziwa kifungo. Brazili ina sheria ya mwaka 2011 inayompunguzia mfungwa siku moja kwa kila saa 12 za masomo, lakini hiyo ni Brazili. Ahadi isiyo yako ikipita kwenye mdomo wako, darasa zima litaiamini.

5. Vifaa

Vichache, na vyote vihesabike. Ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, chaki, penseli zilizokatwa nusu na kuandikwa namba, madaftari yasiyo na waya wa kuzunguka. Penseli hutolewa na kurudishwa kwa hesabu mbele ya askari, kila siku, hata kama mmeshazoeana. Ikipotea moja, kipindi kinasimama hadi ionekane. Wanafunzi wenyewe wataitafuta.

Karatasi nzuri nyembamba itasokotwa sigara. Usilaumu mtu, leta nene zaidi. Ukipata vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, kimoja kwa kila mwanafunzi, vina faida nyingine: kosa linafutika. Mtu mzima anaandika kwa ujasiri zaidi akijua hakuna atakayeliona kosa lake kesho.

Kitabu cha kwanza kisiwe cha darasa la kwanza. Picha ya mtoto na mpira inamwambia mzee wa miaka hamsini kwamba amerudishwa utotoni. Mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa wa 1968 hadi 1972, uliokuwa na makao yake Mwanza, uliliona hilo mapema: vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilihusu pamba, migomba, uvuvi na mifugo, yaani kazi za wasomaji wenyewe. Gerezani unaweza kutengeneza vyako, kurasa moja moja, kwa maneno ya gerezani.

6. Somo lenyewe: mfano wa "barua"

Kiswahili kimetubeba. Karibu kila silabi huishia na irabu na karibu kila herufi ina sauti moja, hivyo mtu akishika familia chache za silabi anaanza kusoma maneno halisi ndani ya wiki chache. Mbinu ni ya neno kuu. Neno la kwanza ninalopendekeza ni *barua*, kwa sababu hakuna asiyeingoja.

Fungua kwa mazungumzo ya dakika tano. Nani alipata barua mara ya mwisho? Nani aliisoma? Ilikuwaje kusomewa habari za nyumbani na mtu mwingine? Usiyarefushe, watu watalia.

Andika BARUA, halafu kwa herufi ndogo, *barua*. Isome ukipitisha kidole chini yake. Ikate: ba – ru – a. Piga makofi kwa kila silabi, nao wapige. Sasa panga familia chini ya kila kipande:

ba be bi bo bu
ra re ri ro ru
a e i o u

Wasome mbele, nyuma, juu chini, kwa kurukaruka. Kurukaruka ndiko kunakomzuia mtu kukariri wimbo. Kisha futa neno kuu, acha silabi hizo kumi na tano peke yake, na uwaulize: hapa kuna maneno gani? Mwache wa kwanza apate mwenyewe. Atapata *baba*, na wengine wataamka: *babu, bibi, bei, bao, ubao, bure, bora, bara, barabara, robo, rarua, aibu, abiria*. Kila anayepata neno aje alionyeshe kwa kidole, silabi kwa silabi. Kundi la watu walioambiwa maisha yao yote kwamba hawajui linakuwa limesoma maneno zaidi ya kumi siku ya kwanza, na hakuna hata moja ulilowatajia.

Malizia kwa kuandika. Kila mmoja aandike *barua* na neno moja alilolipata. Mkono ulioshika jembe miaka yote utavunja ncha ya penseli, kwa hiyo kibao na chaki kwanza, karatasi baadaye. Somo limekwisha. Aliyehudhuria hilo moja tu na kuhamishwa kesho yake ameondoka na kitu kamili.

Neno la pili liwe *kesi*. Linaleta familia za k na s, na zikiungana na za kwanza zinatoa *kosa, sababu, karibu, sasa, kura, sikia, sikukuu, kaburi*, na sentensi za kwanza za kweli: *Baba karibu. Sikia sababu.* Yanayofuata uyachague kwa kuwasikiliza: *mama, sabuni, rufaa, hukumu, shamba, nyumbani*. Usikimbilie *askari*, ingawa wanalitaka, maana lina s iliyosimama bila irabu. Liache pamoja na *daktari* na *Alhamisi*, yafundishwe mara moja kama maneno yenye ukorofi.

Pa kukwama panajulikana. Herufi b na d hubadilishana kwa miezi. M inayojitegemea, kama katika *mtu* na *mke*, wengi huisoma "mutu", kwa hiyo piga makofi mawili, m – tu, hadi waisikie. *Ng* ya *ngoma* na *ng'* ya *ng'ombe* zifundishwe siku tofauti. Anayechanganya l na r kwa sababu ya lugha ya nyumbani usimsahihishe matamshi mbele za watu. Maadamu anaandika sawa, kusema "lafiki" ni lafudhi yake.

Baada ya familia saba au nane, acha kutunga sentensi zako. Waombe wakusimulie jambo, liandike ubaoni kwa maneno yao, liwe ndilo somo. "Jana maharage yalikuwa na mawe" husomwa na wote bila kukwama.

7. Karatasi zinazowahusu

Kundi la tatu, wanaosoma polepole, halihitaji kitabu cha kiada. Lina makaratasi yake: hati ya mashtaka, nakala ya hukumu, barua za nyumbani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na hilo limeipa kazi ya kisomo sababu mpya. Mtu anaweza kuisoma hukumu yake mwenyewe.

Anzia kwenye tarehe. Mfundishe kuitafuta tarehe ya hukumu, kisha ahesabu. Anayekata rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Karatasi hizo mfungwa huzipitisha kwa Mkuu wa Gereza. Wapo waliopoteza haki hiyo kwa sababu karatasi ilikaa chini ya godoro ikingoja mtu wa kuisoma. Mwalimu asigeuke wakili, lakini. Anasaidia kusoma kilichoandikwa, na ushauri wa kesi anauacha kwa wasaidizi wa kisheria wanaoruhusiwa kuingia.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa Uganda, na akiwa gereza la Luzira alisomea sheria kwa masafa na Chuo Kikuu cha London. Kesi yenye jina lake na la wafungwa wenzake mamia ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 kuthibitisha kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima. Wasimulie wanafunzi wako, ila baada ya kumaliza ba be bi bo bu.

Barua za kwenda nyumbani hupitiwa na maofisa kabla hazijatoka. Waambie wazi wanafunzi. Barua ya kwanza iwe ya mistari mitatu: nipo, naendelea, nimeandika mwenyewe.

Hesabu nazo zitoke humo humo. Kifungo cha miaka mitatu ni miezi mingapi? Anayestahili msamaha wa theluthi moja ataondolewa mingapi, atabaki na mingapi? Thelathini na sita, kumi na miwili, ishirini na minne. Hakuna aliyewahi kusinzia kwenye hesabu hiyo. Mwenye swali kuhusu tarehe yake halisi aelekezwe ofisi ya kumbukumbu, asiambiwe na mwalimu.

Kisha fundisha pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na aliyefungwa muda mrefu anaweza kutoka hajawahi kupokea ujumbe wake hata mmoja. Simu haziruhusiwi, kwa hiyo andika ujumbe ubaoni: *Umepokea Tsh 50,000. Salio lako jipya ni Tsh 52,300.* Alikuwa na kiasi gani kabla? Andika mwingine wa kitapeli, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wautofautishe. Fundisha pia kwamba namba ya siri hatajiwi mtu, wala wakala hamwandikii mteja.

8. Kadi inayosafiri

Tengeneza kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja jina, kundi alipoanzia na tarehe. Upande wa pili orodha ya familia za silabi na stadi: anasoma sentensi, anaandika jina la mama, anasoma aya asiyoijua, anaandika barua ya mistari mitatu, anajumlisha, anatoa. Kila anapoweza, mwalimu anatia alama na tarehe. Kadi ziwe mbili: moja anakaa nayo, nyingine inaingia kwenye jalada lake. Akihamishwa, jalada linakwenda naye, na mwalimu wa gereza jipya anaanzia pale pale. Hili linahitaji afisa wa kumbukumbu awe upande wako. Mfuate mapema, mweleze, mnywe chai.

Mahudhurio yaandike kwa ajili ya usalama, usiyatumie kupima elimu. Kipimo ni kimoja: maandishi ambayo hajawahi kuyaona, ayasome kwa sauti, halafu akwambie yalisema nini. Kila mwisho wa mwezi, dakika tatu kwa mtu. Asiyesonga miezi miwili, mbadilishie mwalimu kabla hujasema ni mzito.

Wanaofuzu wape kazi ya kusoma. Sanduku la vitabu na magazeti yaliyopitiwa na ofisi linatosha kuanzia. Bodi ya Huduma za Maktaba na shule za jirani ni mahali pa kuuliza. Wenye hamu ya kuendelea waunganishwe na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kenya wafungwa wamefanya mitihani ya taifa kwa miaka mingi, KCPE ya kumaliza shule ya msingi hadi ilipofanyika mara ya mwisho 2023, na KCSE ya kumaliza sekondari, kwa hiyo mtihani wa taifa ndani ya kuta za gereza unawezekana.

9. Kutoka, na kukabidhi

Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kutoka, mwanafunzi apewe bahasha yenye kadi yake, barua fupi ya mwalimu iliyogongwa mhuri bila kutaja kosa lake, na jina la kituo cha elimu ya watu wazima kilicho karibu na kwao. Kama amejifunza useremala, ushonaji au utengenezaji viatu karakana, mweleze kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Sasa anaweza kuijaza fomu yake.

Maofisa nao huhamishwa, mara nyingi kuliko wafungwa wa vifungo virefu. Mkuu wa Gereza mpya akifika akute faili lenye barua ya ruhusa, orodha ya walimu, idadi ya penseli na ripoti za ukurasa mmoja za kila mwezi: wangapi waliingia, wangapi walihamishwa, wangapi waliachiwa, wangapi wamesoma aya wasiyoijua. Nenda kamsalimie wiki ile ile, na ukamwonyeshe darasa likiendelea. Mwalimu mfungwa ndiye afundishe siku hiyo, wewe kaa nyuma.